Barua Iliyosomwa Makanisani

Somo kwa walimu na wazee wa sharika. Kabla ya kuanza, na yasomwe: Warumi 13:1-7, Yakobo 5:1-6.



Katika mkutano wa walimu uliopita, mwalimu mmoja alisimama akatuuliza neno ambalo hatukuweza kulijibu mara moja. Alisema, "Mchungaji, watu wakidhulumiwa, nasi tukawaombea tu basi, je, tumewapenda?" Wengine walicheka, maana walidhani anatafuta mabishano. Sisi hatukucheka. Tulimwahidi ya kuwa tutamjibu katika gazeti hili, na leo twatimiza ahadi. Walakini hatutajibu kwa hoja zetu wenyewe. Twataka kuwasimulia habari za ndugu zetu Walutheri wa nchi ya Namibia, ambao waliulizwa neno hilo hilo na mambo ya nchi yao, nao wakalijibu mwaka 1971 mbele ya watu wote.

Nchi ile iko kusini-magharibi ya Afrika, kando ya bahari ya Atlantiki, na sehemu yake kubwa ni jangwa. Twaweza kuiita ndugu wa Tanganyika. Zote mbili zilitwaliwa na Wadachi katika miaka ya 1884 na 1885. Zote mbili zilimwaga damu nyingi chini yao, huku katika Vita vya Maji Maji tangu 1905, na huko walipouawa Waherero na Wanama kwa maelfu na maelfu, tangu 1904 hata 1908. Vita vya 1914 hata 1918 vilipokwisha, Wadachi walinyang'anywa nchi hizo. Tanganyika ilikabidhiwa Waingereza, na ile ya kusini-magharibi ilikabidhiwa Afrika Kusini, kila mmoja aitunze kama amana ya mataifa.

Hapo ndipo ndugu hao wawili walipoachana njia. Mwaka 1946 Tanganyika iliwekwa chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1961 ikapata uhuru wake. Lakini Afrika Kusini ilikataa kuitoa amana yake. Iliishika nchi ile kama mali yake, tena ikaingiza humo sheria zake za kuwabagua watu kwa rangi: mahali pa kukaa, kazi ya kufanya, shule ya kusoma, hata njia ya kupita usiku. Tarehe 10 Desemba 1959, watu weusi wa mji wa Windhoek walipokataa kuhamishwa kutoka mtaa wao wa zamani, polisi waliwapiga risasi, wakafa watu wasiopungua 11. Mtaa mpya waliohamishiwa waliuita Katutura, na maana yake katika lugha ya Waherero ni mahali tusipokaa. Mtu akiipa nyumba yake jina kama hilo, hana haja ya kueleza zaidi.

Sasa, wamisionari wa Rhenish kutoka Ulaya walikuwa wameihubiri Injili katika sehemu za kusini na za kati za nchi hiyo tangu miaka ya 1840, na Wafini walifika kaskazini, kwa Waovambo, mwaka 1870. Kwa hiyo Walutheri huko ni wengi kuliko Wakristo wa madhehebu mengine. Dhuluma ilipowapata watu wa nchi, iliwapata washiriki wa sharika zetu. Wachungaji hawakuweza kusema ya kuwa hayo ni mambo ya watu wa nje.

Dhuluma iliyowauma sana Waovambo ilikuwa ile ya kazi ya mkataba. Wazee wetu waliokatika migongo katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro walijua maana ya neno manamba, na wajukuu wao walilisikia kwao. Basi, ya huko yalikuwa ya namna hiyo, na yalizidi. Mwanamume aliyetaka fedha ya kodi au ya nguo za watoto hakuruhusiwa kwenda kusini kutafuta kazi kwa miguu yake mwenyewe. Alijiandikisha kwa kampuni ya kuajiri watu, akapimwa mwili wake, akatiwa katika daraja kwa kadiri ya nguvu zake, kama vile mnunuzi atazamavyo ng'ombe mnadani, kisha akafungwa kipande chenye namba. Bwana wake hakumchagua yeye. Alipelekwa katika machimbo ya shaba ya Tsumeb, au ya almasi huko Oranjemund, au kwenye viwanda vya samaki vya Walvis Bay, au kwa mkulima mmoja aliye mbali na watu wote. Alikaa mwaka mmoja, au mwaka na nusu. Akiondoka kabla ya siku zake, alikamatwa na kushtakiwa kama mhalifu. Mkewe hakuruhusiwa kumfuata.

Fikirini neno hilo la mwisho, ninyi mnaofundisha Amri ya Sita. Mchungaji alimfungisha kijana ndoa mbele ya madhabahu, akawawekea mikono, akawaombea waishi pamoja; na baada ya siku chache gari la moshi likamchukua mume, akarudi mtoto akiwa amekwisha kujifunza kutembea. Akakaa miezi michache, akaondoka tena. Mume alilala katika kambi ya wanaume maelfu, juu ya kitanda cha saruji. Mke alilima peke yake. Wenyewe waliuita mkataba ule odalate, neno lililotokana na jina la waya katika lugha ya Makaburu. Walisema wamefungwa waya.

Je, kanisa lilikuwa kimya? Hatupendi kuwapaka ndugu zetu sifa wasizozihitaji. Kwa miaka mingi viongozi wao waliwaendea watawala kwa upole, faraghani, wakasikilizwa kwa adabu, wakarudi nyumbani. Wengi katika wachungaji, Wazungu kwa weusi, walikuwa wamefundishwa ya kuwa kazi ya kanisa ni roho, na kazi ya serikali ni nchi, wala mmoja asiingie shamba la mwenziwe. Nasi tulifundishwa hivyo hivyo seminarini. Twakumbuka somo la Warumi 13: lilimalizika kwa saa moja, na hakuna aliyeuliza swali.

Basi, tarehe 21 Juni 1971, Mahakama ya Kimataifa iliyoko The Hague ilitoa shauri lake ya kuwa Afrika Kusini yaikalia nchi ile pasipo haki, na imepasiwa kuondoka. Serikali ya Pretoria ilikataa, tena ikasema ya kuwa watu weusi wa nchi ile wameridhika na utawala wake. Neno hilo, kuridhika, ndilo lililokuwa kama moto katika nyasi kavu. Katika seminari ya Paulinum, pale Otjimbingwe, vijana waliokuwa wakisomea uchungaji waliona ya kuwa kanisa likinyamaza sasa, kunyamaza kwake kutahesabiwa kuwa ndiyo. Waliwasukuma wakubwa wao. Twaitaja habari hii makusudi, maana wazee hupenda kusema ya kuwa vijana hawana subira. Pengine Mungu huwanyima vijana subira ili wazee waamke.

Viongozi walikutana, wakaandika barua kwa Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, B. J. Vorster. Tarehe yake ni 30 Juni 1971. Waliotia sahihi ni Askofu Leonard Auala wa kanisa la kaskazini, mtu mweusi wa kwanza kuwa askofu katika nchi ile, na Moderata Paulus Gowaseb wa kanisa la kusini lililotoka katika kazi ya Rhenish. Haikuwa barua ya siri. Waliituma kwa Waziri Mkuu, na pamoja nayo waliandika waraka kwa sharika zote, nao ulisomwa makanisani Jumapili, tarehe 18 Julai.

Na tuitazame barua yenyewe, maana walimu waweza kujifunza humo namna ya kusema na wakubwa. Haina tusi hata moja. Haiombi vita, wala haitaji chama cha siasa. Yashika Tangazo la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa la mwaka 1948, na kwa kipimo hicho yapima mambo moja moja. Serikali yasema yawaletea watu uhuru na usitawi. Kumbe watu wanaogopeshwa na kudharauliwa, na hawajioni kuwa watu huru. Sheria za kugawa mahali pa kukaa zawazuia kwenda na kukaa watakapo katika nchi waliyozaliwa. Hawawezi kusema wala kuandika waonayo pasipo kuwaogopa polisi. Hawana kura. Kazi nzuri zimewekewa rangi nyingine, na ujira ni mdogo. Mkataba wavunja nyumba za watu, kwa kuwa wamkataza mume kukaa na mkewe. Mwisho yamwomba Waziri Mkuu atafute suluhu kwa amani, na nchi ipate kujitawala yenyewe.

Mwajua ninyi jinsi tangazo linavyosomwa kanisani. Watu hukohoa, watoto hulia, wengine wamekwisha kuanza kuvaa viatu. Lakini katika sharika zile waliokaa wakisikiliza walikuwa wake wa manamba, na manamba wenyewe, na mama za waliokuwa gerezani. Mambo waliyoyanong'ona jikoni usiku sasa yalitoka katika mimbari, mchana, katika lugha yao, na yana sahihi ya askofu wao. Hawakufundishwa jambo jipya hata moja. Kilichokuwa kipya ni kwamba limesemwa, na aliyelisema hakujificha jina.

Hapo twarudi kwenye Warumi 13, maana tunajua ya kuwa wako wasomaji ambao moyoni mwao wanauliza, Je, Paulo hakutuamuru kutii? Alituamuru. Askofu Auala naye aliihubiri sura hiyo kama sisi. Walakini someni tena mstari wa nne. Paulo asema mwenye mamlaka ni mtumishi wa Mungu, tena asema ni kwa ajili ya wema wetu. Aliye mtumishi ana Bwana wake juu, na aliye na Bwana aweza kukumbushwa kazi aliyopewa. Aandikaye kumkumbusha hakuipindua mamlaka. Ameichukua kwa uzito kuliko yule amsifuye kwa hofu. Tena Ungamo letu la Augsburg, katika sehemu ya 16, lafundisha kutii serikali, illa pale amri ya watu iamurupo dhambi. Katika maelezo ya Katekisimo Ndogo, Luther hakutosheka kusema tusimdhuru jirani mwilini mwake. Aongeza ya kuwa imetupasa kumsaidia katika shida zote za mwili. Hilo twalikaririsha watoto wa Kipaimara kila mwaka. Sijui kama twalisikia wenyewe.

Waziri Mkuu aliwaita wenye barua Windhoek, tarehe 18 Agosti. Walikwenda, wakasema naye uso kwa uso, na Askofu hakuficha habari za watu walioteswa mikononi mwa polisi. Hakuna kilichobadilika kwa upande wa serikali. Ila kwa upande wa watu, mambo yalikuwa yamekwisha kubadilika. Mtawala mmoja mkuu wa mambo ya Waovambo alitaka kuwajibu maaskofu, akasema hadharani ya kuwa mkataba si utumwa, maana kila mtu autia sahihi kwa hiari yake. Manamba walilisikia neno hilo, wakalipokea kama lilivyo. Kama ni hiari kuingia, walisema, basi ni hiari kutoka. Tarehe 13 Desemba 1971 maelfu katika kambi ya Katutura walikataa kwenda kazini. Wenzao wa Walvis Bay na wa machimbo wakafuata, hata hesabu ikapita watu 13,000. Viwanda vilisimama. Serikali iliwapakia katika magari ya moshi kuwarudisha kaskazini, nao wakapanda bila kuleta ghasia, kwa kuwa kwenda nyumbani ndiko walikotaka.

Kampuni ile ya kuajiri ilivunjwa mapema mwaka 1972. Tusiseme walishinda kabisa, maana mikataba mipya iliyofuata ilifanana mno na ile ya kale, na huko kaskazini zilitangazwa sheria za hatari, mikutano ikapigwa marufuku. Lakini waya ulikuwa umekatika mahali pamoja, na kila mtu alikuwa amepaona.

Na gharama? Kanisa la kaskazini lilikuwa na kiwanda chake cha kupiga chapa pale Oniipa. Humo zilichapwa nyimbo za ibada, vitabu vya shule, na gazeti lao liitwalo Omukwetu, ambalo lilianza mwaka 1901. Usiku mmoja wa Mei 1973 kiwanda hicho kililipuliwa kwa baruti. Sisi tuandikao katika gazeti la misioni twaweza kuona mioyoni mwetu jinsi ilivyokuwa asubuhi ile: herufi zimetawanyika, karatasi zinapeperuka. Wakristo wa nchi nyingi walichanga, kikajengwa tena. Novemba 1980 kikalipuliwa mara ya pili, na wakajenga tena.

Tena, mwaka 1973 na 1974, watu waliodhaniwa kuupinga utawala walitiwa mikononi mwa machifu, wakachapwa viboko mbele ya watu, hata wanawake, kwa fimbo ya uti wa kuti. Askofu Auala alikuwa na umri wa miaka zaidi ya 60. Alikwenda mahakamani, pamoja na Richard Wood, askofu wa Waanglikana, na kijana mmoja, Thomas Kamati. Mahakama ya Windhoek iliwakatalia. Wakakata rufani Bloemfontein, katika mahakama kuu ya nchi ile ile iliyowatawala, na mwaka 1975 wakapata hukumu ya kuzuia viboko hivyo. Mwaka huo huo Askofu Wood alifukuzwa nchini. Twawasihi walimu mwangalie jambo hili: walitumia barua, mimbari, na sheria, na kila kimoja kwa wakati wake. Hawakutupa sheria kwa sababu waliozishika walikuwa wadhalimu.

Habari hii inatugusa nasi wa Tanzania, wala si kwa sababu tu wapigania uhuru wa Namibia walikuwa na ofisi Dar es Salaam na kambi Kongwa. Juni 1977 Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni lilifanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam, na Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akachaguliwa kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza. Katika mkutano huo ndugu wa kusini waliweka mezani shida yao. Huko kwao walikuwako pia Walutheri weupe, wenye Katekisimo ile ile na nyimbo zile zile, ambao hawakutaka kukaa nao katika Meza moja ya Bwana, wala kuukataa ubaguzi. Wengine mkutanoni walisema, Hayo ni siasa, na Wakristo waweza kuwa na maoni mbalimbali katika siasa. Mkutano ulikubali ya kuwa katika mambo mengi ndivyo ilivyo. Ila ukatamka ya kuwa ubaguzi ule umekwisha kuligusa lile tunaloliungama, na makanisa yamepasiwa kuukataa waziwazi. Mwaka 1984, huko Budapest, makanisa mawili ya weupe wa kusini yaliyokuwa hayajaukataa yalisimamishwa katika ushirika wa Shirikisho. Namibia ikapata uhuru wake tarehe 21 Machi 1990. Askofu Auala hakuiona siku hiyo. Alikufa mwaka 1983.

Sasa tumjibu mwalimu wetu. Lakini kabla ya kumjibu, imetupasa kuungama jambo moja.

Miaka miwili iliyopita, vibarua wa shamba moja katika wilaya tunakohudumu walikuja nyumbani kwetu jioni, watu saba. Walikuwa hawajalipwa ujira wao kwa miezi minne. Walitaka tuwaandikie barua kwa mkuu wa kazi, maana, walisema, barua yenye muhuri wa usharika itasomwa. Tuliwakaribisha, tukawapa chai, tukaomba pamoja nao, tukawaambia wawe na subira. Tulijua ya kuwa mwenye shamba hutoa mabati na saruji kwa ajili ya kanisa letu jipya. Hatukulitaja hilo, nao hawakulitaja, ingawa walilijua pia. Mama mmoja mzee, mwimbaji wa kwaya, aliinuka wa kwanza akasema, "Asante kwa chai, Baba Mchungaji." Yakobo 5:4 ilikuwa imesomwa kanisani Jumapili iliyotangulia.

Tangu jioni ile hatukuweza kumtazama vizuri alipokuwa akiimba. Mwisho tulikwenda nyumbani kwake, tukaomba radhi, na barua ikaandikwa, mezani pake, mbele ya wenziwe. Tuliandika miezi, siku, na fedha ya kila mtu, wala hatukuongeza neno la hasira, ingawa kijana mmoja alitaka sana liongezwe. Majina 14 yako chini yake, mengine kwa alama ya kidole gumba, na jina letu ni la kwanza. Saruji haikuletwa tena. Ukuta wa upande wa mashariki umesimama ulivyo, na mvua zinakaribia. Jibu la barua bado halijafika. Jumapili ya pili ya mwezi huu itasomwa kanisani, kabla ya matangazo ya ndoa.